Maji ndani ya taa ya mbele: kabla hujamruhusu fundi ashike drili, pita hapa kwanza

#1 Spana Kumi

Wakuu, habari za humu ndani.

Masika yamekolea, na ukikaa foleni ya Morogoro Road jioni huwezi kukosa gari ambalo taa moja imejaa ukungu, au ina maji kabisa yanayocheza humo ndani kila dereva akikanyaga breki. Ukimuuliza mwenye gari, majibu ni mawili tu. "Ni umande huo, utakauka wenyewe." Au, "Fundi kasema tutoboe katundu kwa chini maji yawe yanatoka." Kazi yangu ni taa na umeme wa magari, na wateja wangu wa msimu huu karibu wote wameletwa na mojawapo ya majibu hayo. Nimeona nishushe uzi.

Wengi hawajui kwamba taa ya gari haijazibwa kabisa. Imetengenezwa ipumue. Nyuma ya kava lake (bodi nyeusi ya plastiki inayobeba kioo) kuna tundu moja au zaidi, limevalishwa kipira cheusi chenye kona kinachoelekea chini, au kikofia kidogo chenye kitambaa cheupe kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Ukiwasha taa, globu ya halojeni ya wati 55 inapasha hewa ya ndani, hewa inatanuka na kutoka. Ukizima, inapoa, inasinyaa na kuvuta hewa ya nje. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 inatanuka kama asilimia 10. Kwa hiyo taa yenye nafasi ya lita 5 inatema nusu lita ya hewa na baadaye inaivuta tena, kila unapowasha na kuzima.

Sasa hiyo hewa inayorudi ikikuta njia ya mkato, iwe raba ya globu iliyokaa upande, kofia kubwa la nyuma ya globu lisilofungwa au ufa kwenye kona, inapita hukohuko. Na kama hapo pamekaa maji, inayavuta nayo. Ndiyo maana mtu anashangaa: gari lilipaki mvuani mchana kutwa halikuingia tone, nimetembea nalo usiku nusu saa taa imejaa. Taa ilikuwa ya moto, ikamwagiwa maji ya baridi, ikavuta.

Tuje kwenye umande. Umande upo kweli. Gari limelala nje, alfajiri plastiki ya mbele imepoa, unyevu uliomo ndani unatua juu yake ukawa ukungu mwembamba. Unawasha taa, unaendesha kidogo, unapotea. Mara nyingi utauona kwenye taa zote mbili na pembe zilezile. Huo uache. Hata vitabu vya Toyota vinavyokuja na gari vinasema ukungu wa muda ndani ya taa siyo hitilafu, ila ukiona matone makubwa au maji yametuama, peleka kwa fundi.

Lakini umande una kipimo chake, na hapa ndipo nataka mtu aelewe hata kama ataruka mengine yote. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu mpaka mwisho inabeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Lita 5 za hewa hiyo zina gramu 0.15. Ni kama matone matatu. Hata ukayakamua yote yakatua chini ya taa, ni matone matatu! Kwa hiyo taa yenye maji ya kujaza kikombe cha kahawa, mtu akikwambia ni umande, anakudanganya au hajui. Maji hayo yameingia kwa mlango, na mlango bado upo.

Mlango unaoongoza ni wa nyuma: kofia la plastiki au raba inayozunguka globu. Mtu alibadilishiwa globu usiku kituo cha mafuta, raba ikakaa upande, au kofia likadondoka kwenye injini fundi akaliacha hukohuko. Fungua boneti, pitisha kidole nyuma ya taa, kizungushe taratibu. Ukikuta ukingo wa raba umejikunja, au kidole kimezama mpaka kimegusa globu, umeshapata na hujatoa hata mia. (Taa iwe imezimwa muda, halojeni inaunguza.) Wa pili ni kile kipira cha kupumulia. Ni kidogo, kinachomoka, na kikidondoka hakuna anayekitafuta. Kikitoka kinabaki kipua kitupu ambacho maji yanayorushwa na tairi yanakifikia bila shida.

Wa tatu ndio ambao kila mtu anaanza nao: maungio ya kioo na kava. Kioo chenyewe ni plastiki ya polikaboneti, kimebandikwa kwenye mfereji wa kava kwa gundi nyeusi ya butili, ile inayonata na kuvutika. Gundi inazeeka, sikatai, na magari yetu mengi yamekuja kutoka Japani yakiwa yameshakula miaka yake. Ila taa ambayo haijawahi kufunguliwa wala kugongwa, mara nyingi maungio yake ni mazima. Yanayovuja ni ya taa iliyopita mikononi mwa watu: mmoja alitaka kupaka nyeusi kwa ndani, mwingine alitaka kuweka duara za LED, au gari liligonga, masikio ya taa yakakatika na mtu akayaunga kwa pasi ya moto.

Utajuaje ni mlango upi? Kabla hujakausha chochote, mulika ndani kwa tochi. Maji ya barabarani yanaingia na vumbi, na vumbi linaacha mstari wa kahawia kuanzia yalipopenyea. Ufuate kwa jicho kwenda juu. Ukiishia kwenye kona karibu na boneti, pale pana ufa au maungio yameachia. Kama hakuna mstari wowote na maji yametuama tu, rudi nyuma kwenye kofia. Fundi anayekimbilia kukausha kwanza anafuta ushahidi.

Ikishindikana kuona, taa ishuke. Kwenye Toyota nyingi ndogo bampa linatangulia: bolti za namba 10 na vibanio vya plastiki ambavyo ukiwa na haraka utavimaliza vyote. Chomoa terminali hasi ya betri kwanza. Toa globu, mwaga maji. Ziba matundu yote kwa utepe mpana, bakisha kipua kimoja, chomeka hapo mpira mwembamba kama wa dripu, izamishe taa kwenye beseni na upulize kwa mdomo. Kwa mdomo, narudia. Kuna mtu nilimwona akiunganisha kompresa ya tairi, kioo kikafyatuka. Viputo vitakapotokea ndiyo mlango wenyewe. Weka alama kwa maka peni.

Kukausha ni kazi nyepesi: drayeri ya saluni kwenye moto mdogo, au feni usiku kucha matundu yakiwa wazi. Taa ya projekta (yenye lenzi ya duara mbele ya globu) usiianike ikitazama jua, ile lenzi inakusanya miale na kuchoma plastiki ya ndani, ilaze kifudifudi. Usiingize kitambaa kupangusa panapong'aa, ule ni utando mwembamba mno wa alumini juu ya plastiki na kitambaa kinaubeba. Kama kuna tope, suuza kwa maji yale masafi ya kuongezea betri (maji, siyo asidi!) kisha yaache yachuruzike. Petroli na tina kaa navyo mbali, vinaipasua polikaboneti vinyufa vidogovidogo visivyotoka.

Kuziba nitaeleza mbele maana kuna ugomvi wa silikoni. Karibuni.

#2 Mtoto wa Tandika

Nimeweka kambi hapa. IST yangu upande wa abiria ina maji tangu juzi na fundi kashaniambia nipeleke Jumamosi atoboe. Jumamosi hiyo imeahirishwa.

#3 Kiboko ya Lami

Mkuu umeandika vizuri ila kwenye drili umewaonea mafundi. Mimi Noah yangu nilitoboa kwa chini tundu la milimita 3, kila upande moja, na gari linapiga Dar–Morogoro kila wiki. Maji sijayaona tena. Halafu umesema mwenyewe kiwanda kinaweka matundu. Sasa tundu langu lina dhambi gani?

#4 Spana Kumi

Mkuu Kiboko, tundu la kiwandani lipo nyuma, lina kona, na halitazami barabara. La kwako lipo chini, kwenye njia ya maji na vumbi vinavyorushwa na tairi. Kumbuka ile nusu lita ya hewa: sehemu yake sasa inaingia kupitia hapo, bila kona wala kitambaa cha kuchuja. Vumbi linatua kwenye reflekta (pale panapong'aa ndani), linakutana na unyevu, ule utando wa alumini unaanza kubanduka kidogokidogo. Hutaona siku moja. Utaona baada ya misimu miwili unalalamika taa hazimuliki na unaenda kununua globu kali zaidi.

Na mlango wa kwanza hujauziba. Umeongeza wa pili tu.

Fanya hivi: usiku simama kama mita 5 kutoka ukutani, weka dimu (mwanga wa chini, siyo fulu). Mwanga mzuri una mstari wa juu unaokata, chini pana mwanga na juu giza. Kama mstari wako bado unakata kama wembe pande zote mbili, naacha kubishana na unanidai soda.

#5 Kiboko ya Lami

Soda naitaka ya baridi. Nakuja na majibu usiku.

#6 Baridi ya Uyole

Heshima kwenu wakuu. Huku Mbeya tangu baridi ianze, kila asubuhi taa zote mbili za Premio zinakuwa na ukungu, nikifika mjini umeshaisha. Matone hakuna. Ila mwaka jana ulikuwa unaisha upesi, mwaka huu wakati mwingine unakaa mpaka mchana. Niwe na wasiwasi?

#7 Spana Kumi

Ukungu wa pande zote mbili, hauna matone, unaisha: huo ni wa baridi yenu, hauna kesi. Ila hilo la kuchelewa kuisha ndilo lenye jambo. Mara nyingi vipira vya kupumulia vimeziba tope, au kuna aliyevipaka silikoni akidhani ni matundu ya kuvujia. Hilo la pili naliona sana. Mtu anaona maji ndani, anazunguka na tyubu anaziba kila kilicho wazi, pamoja na pua. Matokeo yake unyevu uliomo haupati pa kutokea, na taa ikipoa inatafuta kwa nguvu mahali pengine pa kuvuta, ndipo maungio mazuri nayo yanaanza kuachia. Chomoa vipira, vioshe kwa maji ya sabuni, vikauke, vipulize upande mmoja uone hewa inapita, virudishe vikitazama chini kama vilivyokuwa.

Halafu swali: umebadilisha globu kati ya mwaka jana na mwaka huu?

#8 Baridi ya Uyole

Kumbe unaona mpaka huku! Niliweka LED mwezi wa kwanza.

#9 Spana Kumi

Basi jibu ndilo hilo kwa sehemu kubwa. Halojeni inatupa joto lake mbele, linakausha kioo. LED joto lake linabaki nyuma kwenye shina na feni, kioo kinabaki baridi, ukungu unachelewa. Hata magari mapya yanayotoka kiwandani na LED yana tabia hiyo. Hujaharibu kitu. Ila hakikisha kofia la nyuma linafunga, maana LED nyingi za dukani zina mkia mrefu na watu wanaacha kofia kwenye droo ya dashibodi.

#10 Kidumu cha Njano

Hahaha hapo kwenye droo ya dashibodi umenigusa. Kofia zangu zote mbili zipo humo pamoja na stika za bima za zamani. Na juzi nimewasha taa kuna mjusi kasimama mbele ya projekta, kivuli chake ukutani kama mamba. Watoto walikimbilia ndani.

#11 Mtoto wa Tandika

😂😂 Umande wa mjusi.

#12 Spana Kumi

Kidumu, mjusi amekuonyesha mlango bure. Madukani kuna kofia za raba zenye kina, zimetengenezwa kwa ajili ya globu za mkia mrefu. Pima kipenyo cha mdomo wa taa yako ndipo ununue. Usipoipata, rudisha halojeni. Na kwa mwenye taa za reflekta za H4 (globu moja yenye dimu na fulu), LED nyingi zinatawanya mwanga hovyo na kuwapofusha wanaokuja mbele. Huo ni uzi mwingine, tusiuanze hapa.

#13 Dada wa Premio Nyeupe

Samahani kaka zangu, naomba kuuliza. Mimi maji yaliingia baada ya kuoshewa gari, kijana alipiga ile mashine ya presha mpaka ndani ya injini. Shemeji yangu kaniambia niweke mchele kwenye kitambaa nitumbukize ndani ya taa kama wanavyofanya simu ikilowa. Mwingine kasema vile vipakiti vinavyokaa kwenye boksi la viatu. Kipi bora?

#14 Spana Kumi

Dada, mchele mpikie shemeji. Ndani ya taa utatoa vumbi la unga na ukilowa utavunda.

Vile vipakiti vya silika vinanyonya unyevu kweli, lakini kidogo: kinabeba kama theluthi ya uzito wake kisha kinashiba na kukaa tu. Vinafaa kumalizia ukungu baada ya mlango kuzibwa, siyo kushindana na mlango ulio wazi. Ukiviweka, vifunge kwa uzi nyuma mbali na globu, vikidondokea kwenye halojeni ya moto vitaungua.

Kwa hali yako, kama ilikuwa kavu kabla ya kuoshwa, presha imepenya ukingoni mwa raba au imehamisha kipira. Mwambie fundi atoe kofia na globu, amwage maji, arudishe raba ikae sawasawa, amalizie na feni. Tazama siku chache za mvua. Isiporudi, umemaliza, usikubali kuuziwa taa mpya. Na mwoshaji mwambie injini aifute kwa kitambaa. Mdomo wa ile mashine usisogezwe karibu na maungio ya taa wala usielekezwe nyuma yake.

#15 Dada wa Premio Nyeupe

Asante sana kaka, ubarikiwe. Shemeji nimemtumia hiyo ya mchele.

#16 Volti Mia Mbili

Spana Kumi umewapa watu moyo wa kufungua taa wenyewe, kwa halojeni ni sawa. Naomba niweke angalizo kwa wenye zenoni (globu za gesi zisizo na waya wa ndani), mko wengi humu kwenye Crown na Harrier. Ile globu inawashwa kwa msukumo unaoweza kuzidi volti 20,000. Taa ina maji, hujachomoa betri, mkono umelowa, unashika plagi ya nyuma huku mwenzako anajaribu swichi: hapo hatutaniani.

Pili, kwa magari mengi ya Kijapani boksi la balasti, linaloipa globu hiyo umeme wake, limefungwa chini ya taa kwa nje. Maji yaliyotuama ndani yakipata njia yanashukia humo. Dalili ni taa inayowaka na kuzima yenyewe, au kugoma kuwaka asubuhi ya mvua kisha mchana inakubali. Watu wananunua globu, wanabadilisha fyuzi, kumbe boksi limeoga. Ukiliona lina kutu ya kijani kwenye pini, safisha pini lakini usitarajie miujiza.

Na ukinunua globu za zenoni, aina ya D2S na ya D4S siyo ndugu. D2S inafanya kazi kwa volti 85 na ina zebaki, D4S volti 42 na haina. Mdomo wake hata haukai sawa, lakini nimewaona wenye kukata kwa kisu ili zikae.

#17 Spana Kumi

Mkuu Volti umeongea la maana, na mimi kwa zenoni nasema: betri ichomolewe, subiri, ndipo uguse. Asiyezoea ampe mzoefu.

#18 Mwana wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Huku wengi wetu hatuna subira ya beseni, mtu anaenda Kirinyaga Road, wazee bado wanaita Grogan, anachukua taa ya mtumba na kufungiwa papo hapo. Si vibaya, lakini kuna mambo ya kuangalia, nimeuza hizi vitu.

Kwanza tazama ukingo wa kioo. Taa ambayo haijafunguliwa, gundi iko ndani ya mfereji, huioni sana. Ukiona silikoni inayong'aa imezungushwa kwa nje, hiyo ilikuwa na maji na imekaushwa ikuuzwe. Irudishe mezani bila kuuliza bei. Pili, kila kioo kina jina la mtengenezaji, Koito ama Stanley ama Ichikoh, na namba pembeni. Beba picha ya namba yako. Taa mbili za gari la jina moja zinaweza fanana machoni na zikose kuingia kwa sababu mwaka umebadilika. Tatu, na hii watu hawaambiwi: kuna spea zinakuja kupitia Dubai kutoka magari ya usukani wa kushoto. Hiyo taa inaingia vizuri kabisa, lakini mwanga wake unapanda kulia badala ya kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo utakuwa unamulika macho ya kila anayekuja. Iwashe dukani ukielekeza ukutani kabla ya kulipa.

Nne, igeuze na uitikise. Ukisikia maji, haya basi. Ukisikia kitu kigumu kikigonga, ni mota ya kupandisha mwanga ama kipande kimevunjika.

#19 Mtoto wa Tandika

Hiyo ya usukani wa kushoto sikuwahi kuisikia. Pale mtaa wa Gerezani, Dar, nilishawahi kuuziwa taa, kila usiku watu wananipigia fulu nikajua ni wivu.

#20 Kiboko ya Lami

Nimerudi na ukuta. Kulia mstari unakata safi. Kushoto mwanga umetawanyika, kuna weupe juu ya mstari. Lakini Spana usishangilie, kushoto ndiko kulikokuwa na maji tangu kabla sijatoboa. Kwa hiyo hatujui aliyeua ni maji ya zamani au tundu langu.

#21 Spana Kumi

Hoja nimeipokea, tugawane soda nusu kwa nusu. Ila fungua kofia la kushoto upige picha reflekta, kisha unionyeshe mdomo wa lile tundu.

#22 Kiboko ya Lami

Nimepiga, ila zinagoma kupanda. Reflekta kwa chini imetoka mabaka kama karatasi ya sigara imebanduka, na kuzunguka tundu kuna duara la vumbi jekundu. Hiyo nakiri ni ya tundu, maji ya zamani yasingeacha duara la vumbi jekundu la Mikese, kule njia ya Morogoro, kuzunguka tundu. Sasa naliziba na nini?

#23 Spana Kumi

Sasa tuje kwenye huo ugomvi wa silikoni.

Silikoni ya kawaida ya madirisha na sinki, ukifungua tyubu inanuka siki. Ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka. Ndani ya taa mvuke wake hauna pa kwenda, unashambulia alumini na terminali na kuacha utando mweupe kwenye kioo. Baadhi ya gaskit meka (silikoni za kuzibia injini) nazo ni za siki. Kwa hiyo pua yako ndiyo kipimo: inanuka siki, usiitumie. Tafuta silikoni isiyo ya asidi, imeandikwa hivyo kwenye tyubu, na uiache ikauke kabisa taa ikiwa wazi nyuma kabla hujafunga kofia. Siku nzima, siyo saa moja.

Tundu lako: safisha kwa spiriti kidogo kwenye kava tu, usiguse kioo, kausha, kata kipande cha plastiki nyembamba, kibandike kwa silikoni hiyo kutoka nje. Kava limetengenezwa kwa polipropilini, na plastiki hiyo haipendi kushikwa na gundi, kwa hiyo ikwaruze kidogo kwa msasa kwanza.

Maungio yakiwa ndiyo yanavuja, kuzungusha silikoni juu kwa nje ni kujifurahisha. Inashika msimu mmoja, inabanduka kama utepe na kuacha uchafu unaozuia gundi nyingine. Dawa ni kulainisha butili na kukibana kioo upya, au kukifungua na kuweka butili mpya. Wanaotumia jiko la umeme huweka nyuzi 80 hadi 100 kwa dakika chache, globu na vya umeme vyote vikiwa vimetolewa, taa imelala juu ya ubao isiguse chuma. Ukizidisha, kava linapinda na hapo taa imekufa. Mimi natumia bunduki ya joto, nasogea nayo kidogokidogo ukingoni, nabana kwa vibanio vya mbao, naacha ipoe ikiwa imebanwa. Na siyo kila taa inafunguka hivyo: zipo zilizobandikwa kwa gundi ngumu ya polyurethani, hizo ukilazimisha utavunja kioo. Jaribu kwa kucha pembeni. Ikibonyea na kunata ni butili. Ikiwa ngumu kama soli ya kiatu, iache.

#24 Volti Mia Mbili

Niongeze: baada ya kazi yote hiyo usisahau kurekebisha mwelekeo wa mwanga. Taa ikishuka na kurudi, haikai palepale.

#25 Kijiti cha Mafuta

Wakuu nimechelewa. Yangu ni taa ya nyuma, ya Vitz. Maji yapo kidogo tu ndani ya taa, ila kwenye buti nimeinua kapeti nimekuta tairi la akiba linaogelea. Vinahusiana?

#26 Spana Kumi

Vinahusiana sana. Taa ya nyuma inakaa juu ya raba au sponji inayoziba kati yake na bodi. Raba hiyo ikichoka maji hayaingii kwenye taa tu, yanapita nyuma yake na kushuka mpaka kwenye shimo la tairi la akiba. Fungua nati za taa kutoka ndani ya buti, itoe, angalia raba upande wa chini kama imelala au imekatika. Lakini kabla hujailaumu, mwambie mtu amwage maji kwa jagi juu ya taa polepole na wewe uwe ndani ya buti na tochi, maana raba ya mlango wa buti nayo huleta maji hapohapo. Na ondoa kizibo cha chini ya shimo la tairi yatoke leo, jeki na spana zisioze.

#27 Kijiti cha Mafuta

Jeki imeshaoza mkuu. Natafuta wa kushika jagi.